Leota Brandvold: Mwenyewe Asikie Kwanza

Tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 16 Novemba 1936, ni Leota Gunda Brandvold. Wengi wenu mlimfahamu kwa safu yake ya "Meza ya Kona" katika gazeti la Lantern, na wengine mlimfahamu kwa sauti tu, ile sauti ya saa nne asubuhi kwenye simu. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa pekee, Verna. Humu ndani Verna anatajwa kwa jina kama watu wengine, wala hakupendelewa. Marehemu ndiye aliyetaka hivyo, na tukifika mwisho mtajua kwa nini.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1897 katika mji wa Decorah, jimbo la Iowa, mtoto wa kwanza wa Halvor na Gunda Brandvold, watu wa asili ya Norwe na waumini wa Kilutheri. Baba alikuwa karani wa telegramu pale stesheni ya reli. Habari za mji mzima zilipita mikononi mwake: nani kafiwa, nani kaposa, mtoto wa nani kakamatwa Chicago. Lakini akiketi mezani aliomba chumvi, akashukuru kwa samaki, basi. Mama alikuwa akimchokoza, "Halvor, leo kuna jipya?" Naye hujibu, "Kwa wenyewe lipo." Baada ya Leota walizaliwa wavulana wawili ambao hawakufikisha mwaka, kisha akazaliwa Verna mwaka 1905.

Kuna kisa cha utotoni ambacho marehemu mwenyewe alikuwa akikisimulia, wala si kwa kujisifu. Mwaka 1906, akiwa na miaka tisa, alimpelekea baba chakula cha mchana stesheni, akaona karatasi mezani. Ilisema kwamba Nils, mwana wa Bibi Hulda Engstrom, amefariki kwenye kambi ya wakata magogo huko Minnesota. Baba alikuwa nje anapokea treni. Leota, kwa ule ulimi wa kitoto usiotulia kinywani, akakimbia mpaka duka la vyakula, akaimwaga habari pale kaunta. Haikupita robo saa Bibi Hulda akaingia kununua kahawa, na mwenye duka akamvulia kofia.

"Pole sana mama, kwa msiba wa Nils."

"Msiba gani?" akauliza mama wa watu.

Duka zima lilikuwa linajua, isipokuwa yeye.

Baba hakumchapa Leota. Alimshika mkono hadi nyumbani kwa Bibi Hulda, akamkalisha jikoni, akamwambia, "Utakuja kukaa hapa kila siku mpaka mwenyewe aseme basi." Alikaa siku tatu, akimenya viazi na kumtazama mama akilia. Siku ya tatu Bibi Hulda akamwambia, "Nils nitamlilia mpaka nife, hilo ni langu na Mungu. Lakini ile kofia ya mwenye duka siisahau. Wote walikuwa wananitazama, wanajua." Marehemu alisema maneno hayo hayakumtoka tena. Alikua nayo.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapo hapo Decorah, akamaliza mwaka 1915, wa pili katika darasa lake. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mchungaji, na marehemu alikuwa akisema kwamba mshindani mwenye baba mwenye mimbari hashindiki. Alianza chuo cha Kanisa, lakini hakumaliza hata mwaka, kwa sababu baba alifariki Februari 1916 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa kazini, na mtu wa pekee mjini aliyejua mashine ile ya telegramu alikuwa binti yake. Akakalia kiti cha baba. Vita vilipokuja, zikaanza zile telegramu za askari waliokufa, kutoka wizara ya vita. Leota hakumtuma mtu. Alizipeleka mwenyewe kwa miguu, kwenye theluji na kwenye tope, hakupita dukani, hakusimama kuongea na yeyote njiani. Watu wa Decorah walijifunza kwamba wakimwona Leota Brandvold anatembea haraka bila kusalimia, wasimuulize kitu. Kiti hicho alinyang'anywa mwaka 1919, wanaume waliporudi.

Mwaka huo huo mama alichukuliwa na homa ya mafua. Leota alikuwa na miaka ishirini na miwili, na Verna kumi na minne. Januari 1920 walipanda treni kuja Los Angeles, na tangu siku hiyo Leota alikuwa kwa Verna dada, mama na baba. Alimsomesha, alimshonea nguo, alimnyima kucheza dansi hadi alipofikisha miaka kumi na minane. Hili lisemwe mapema, ili yatakayofuata yapimwe kwa uzito wake.

Kazi yake ya kwanza hapa mjini ilikuwa kwenye swichibodi ya gazeti la Lantern. Alikaa hapo miaka minne akiunganisha simu za watu wengine. Mwishoni mwa Januari 1924 mwandishi mmoja alipiga kutoka mjini kusema kwamba mwigizaji Everard Quill amefukuzwa na kampuni yake, na habari hiyo ikapangwa kutoka kesho yake. Leota akaisikia. Akachomeka waya, akampigia Bwana Quill nyumbani kwake: "Bwana, kesho gazeti litasema umefukuzwa kazi. Nimeona heri usikie mwenyewe kwanza." Saa moja baadaye Quill alikuwa amesimama mbele ya mhariri, Bwana Thaddeus Kroll, akieleza kwamba hakufukuzwa. Ameacha kazi ili aoe, na kwa kuwa Lantern lina mtu muungwana kwenye simu, basi Lantern liwe la kwanza kuichapa. Bwana Kroll akamwita Leota ofisini.

"Nani kakuruhusu umpigie?"

"Hakuna."

"Sasa ulimpigia kwa nini?"

"Habari ni yake, bwana. Mimi nilidhani anatakiwa kuisikia kabla ya muuza samaki."

"Dada, hili ni gazeti, si posta." Akawasha sigara. "Unajua kuandika?"

"Najua kusoma kwa sauti. Kuandika nitajaribu."

Safu ya "Meza ya Kona" ilitoka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Februari 1924, ikaendelea kwa miaka kumi na mmoja. Jina lilitokana na meza yake katika mkahawa wa mzee Anselm Pascoe, meza ya ukutani ambako alikunywa supu ya njegere na kusikiliza. Alisikia mengi, maana watu wa sinema wakishiba hawajui kunong'ona. Lakini hakuchapa neno juu ya mtu kabla ya kumpigia simu saa nne asubuhi na kumsomea lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Mtu akisema si kweli, alimuuliza kweli ni ipi. Mtu akilia, alimngoja amalize. Mtu akitukana, alimuuliza kama na tusi angependa lichapwe. Na hakuandika kamwe zile habari za kijanja zisizo na jina, za "mwigizaji fulani mwenye macho ya bluu ameonekana na mke wa fulani." Alikuwa akisema habari isiyo na jina ni jiwe la kurusha ukiwa umejificha nyuma ya ua. Wengi mliokaa hapa leo mliwahi kupokea simu ile. Mliiogopa, lakini mlilala usingizi, kwa sababu mlijua hamtakuwa wa mwisho kujua mambo yenu.

Mumewe alimpata kwa simu hiyo hiyo. Bwana Lowell Pruett, mzaliwa wa Terre Haute, Indiana, alikuwa mwandishi wa yale maneno yaliyosomwa kwenye picha za sinema zisizo na sauti. Alikuwa akila mkate wa tufaha kwa Pascoe kila siku na kuuacha nusu. Asubuhi moja ya mwaka 1926 simu yake ikalia.

"Bwana Pruett, hapa Meza ya Kona. Nina mstari mmoja. Unasema kwamba Lowell Pruett anaagiza mkate wa tufaha kila siku ingawa inaonekana wazi haupendi. Ni kweli?"

"Ni kweli tupu. Tufaha silipendi."

"Basi kwa nini unaliagiza?"

"Kwa sababu napenda meza ya jirani."

"Nichape?"

"Chapa, mama. Mimi sina siri."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 4 Juni 1927 katika kanisa la Kilutheri, na Verna akambebea dada yake maua. Zilikuwa siku njema, na si haki kuzifuta kwa sababu ya zile zilizofuata. Lowell alijua kumchekesha Leota. Alimchekesha jikoni, alimchekesha kanisani, alimchekesha mpaka akapaliwa na supu. Leota naye, kwa mara ya kwanza maishani, akawa na mtu wa kumweleza mambo bila kupiga hesabu ya maneno.

Mwaka 1929 akapata mimba. Kila asubuhi saa nne kasoro dakika tano, kabla ya simu za kazi, aliisoma safu ya siku ile kwa sauti ya chini huku mkono ukiwa tumboni, ili mtoto naye asikie. Mtoto, mvulana, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1929 akiwa ameshafariki. Alipewa jina la babu yake, Halvor, na amelala hapa hapa, hatua moja kutoka kaburi hili tulilolizunguka.

Wiki tatu baadaye Leota alikuwa akiosha vyombo na Verna. Huku akisugua sufuria, bila kugeuka, akamweleza jambo. Asubuhi ile, saa nne kasoro dakika tano, aliinua simu bila kujua anafanya nini. Opereta akauliza, "Namba gani, bibi?" Naye akasikia kinywa chake kinajibu, "Hana namba." Opereta akauliza tena. Leota akabaki ameshika simu mpaka laini ikakatwa.

"Usimwambie Lowell," alimwambia mdogo wake. "Lowell anajua kunichekesha. Sitaki anichekeshe kwa hili."

Verna alisema, "Simwambii, dada."

Watu wawili tu ndio walilijua jambo lile, aliyelisema na aliyeambiwa.

Kisha picha zikaanza kusema. Lowell, ambaye mkate wake ulitokana na kimya cha wengine, akaona kazi inamponyoka. Mwaka 1930 studio yake ilimwambia alete hadithi ya kusemwa au afungashe. Akaandika kichekesho cha mapenzi juu ya mwandishi wa safu ya gazeti, mwanamke anayejua siri za mji mzima isipokuwa ile ya nyumbani kwake. Akakiita "Yote Isipokuwa Moja." Akachukua meza ya kona, akachukua simu ya saa nne, akachukua mkate wa tufaha. Hakumwambia mkewe. Alisema atamwambia ikikubaliwa, ikakubaliwa. Akasema atamwambia ikipigwa, ikapigwa.

Aliyepiga taipu hadithi hiyo, kurasa mia moja na kumi na nane, alikuwa Verna Brandvold. Kazi ya taipu katika studio ile alitafutiwa na dada yake.

Agosti 1930, mchana, Lowell aliitupa karatasi mezani, akasema, "Shemeji, huyu mwanamke wangu hana moyo. Anajua kusema tu. Watu watamcheka, hawatampenda."

"Anao moyo," Verna akasema.

"Uko wapi? Mimi naishi naye, sijauona kwenye karatasi."

"Kwa sababu kuna mambo hakuambii."

Lowell akavuta kiti, akakaa, akamtazama Verna kana kwamba mtu wa maana ndiyo kwanza ameingia chumbani. Na Verna akasema. Hakubanwa wala hakulewa. Aliulizwa na mtu aliyemsikiliza, naye akajiona mtu mbele ya watu. Akaeleza ile simu, akaeleza "Hana namba." Lowell aliandika mbele yake, na kesho yake Verna akaipiga taipu, ukurasa wa sabini na nne. Alipoisoma aliona kwamba mtoto ameondolewa. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amelewa, anamtafuta mchumba wa zamani ambaye jina lake amelisahau. Ilikuwa imefanywa ya kuchekesha. Verna aliona, akaendelea kupiga taipu. Wiki iliyofuata alipewa meza karibu na dirisha, na akaifurahia, Mungu amsamehe.

Onyesho la kwanza kwa waandishi lilifanyika Alhamisi tarehe 19 Machi 1931, saa nane mchana. Leota aliambiwa ni kichekesho cha ofisi. Alivaa kofia yake mpya ya kijani, akaketi kati ya mumewe na Bwana Kroll. Verna alikuwa safu mbili nyuma. Sasa lisemwe wazi, maana wenyewe mpo na mmeshasomewa. Bwana Kroll alikuwa ameusoma muhtasari wa hadithi tangu Oktoba. Mzee Pascoe alikuwa ameruhusu mafundi wa studio wapime meza yake ya kona na kunakili mpaka doa la ukutani. Nusu ya watu waliokaa mle ukumbini waliwahi kupigiwa simu na Leota saa nne asubuhi, kwa miaka saba, na walijua wanachokuja kuona. Simu walikuwa nazo. Hakuna aliyeinua.

Leota aliicheka picha mwanzoni. Alicheka ile ya tufaha, akampiga Lowell kiwiko. Polepole akaacha kucheka. Kisha mwanamke wa kwenye picha akainua simu, opereta akamuuliza namba, naye akajibu, "Hana namba." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Lowell alikuwa upande wake wa kulia, lakini hakumtazama Lowell. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Leota aligeuka nyuma taratibu, akapita nyuso zote zilizokuwa zinacheka, akamtazama Verna. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyesimama dukani anauliza, msiba gani?

Alikaa mpaka mwisho, hadi mwanamke wa kwenye picha alipomsamehe mumewe kwa busu na muziki ukapigwa. Taa zilipowaka watu walimzunguka wakimpongeza. Mmoja alivua kofia, akamwambia, "Leota, kumbe nyumbani kwako ndiko kwenye vichekesho." Leota alivaa glavu zake kidole kimoja kimoja. Alimwambia Lowell maneno matatu tu. "Sasa nimeielewa kofia." Lowell hakujua kofia gani, kwa sababu kisa cha Bibi Hulda hakuwahi kukisikiliza hadi mwisho.

Kesho yake Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ililia ofisini kwa Lowell. Verna alikuwa chumba hicho hicho.

"Leota," Lowell akaanza, "mke wangu, ni kichekesho tu. Watu wamekupenda."

"Nimepiga kukusomea." Sauti ilisikika mpaka kwenye meza ya dirishani. "Nimeandika hivi. Picha ya Yote Isipokuwa Moja imechezwa vizuri na imepigwa vizuri. Imeandikwa na Lowell Pruett, mume wangu, ambaye hakuniuliza. Kuna la kusahihisha?"

"Leota, usinifanyie hivi."

"Kuna la kusahihisha?"

"Hapana."

"Nipe Verna."

Verna akapokea. "Dada."

"Lile la mtoto nilikuambia wewe peke yako."

"Dada, mimi nilitaka tu..."

"Sina ninalochapa juu yako," marehemu alisema, "kwa hiyo sina la kukusomea." Akakata.

Ndoa ilivunjwa kisheria mwaka 1932. Picha ilionyeshwa majiji yote na watu waliipenda. Ule msemo wa "Hana namba" ukawa utani wa mjini. Vijana waliusema kwenye dansi, maopereta walitaniana nao zamu kwa zamu, na mara nyingi marehemu alipoinua simu kufanya kazi yake alijibiwa nao na msichana asiyejua anaongea na nani. Hakumkemea hata mmoja. Aliendelea kula kwa Pascoe, aliendelea kuandika kwa Kroll, aliendelea kuwapigia watu saa nne, wakiwemo wale wa ukumbini. Ila tangu siku ile hakumweleza mtu yeyote jambo lake. Verna alimwandikia barua kumi na tisa. Hazikujibiwa, na meza ya dirishani aliiacha mwaka uliofuata, jambo ambalo halikumsaidia yeyote.

Kikohozi kilimwanza katika majira ya baridi ya 1934. Aliacha safu Aprili 1935, na tarehe 6 Mei alilazwa katika hospitali ya kifua kikuu milimani juu ya Monrovia, mji jirani na Los Angeles. Wauguzi wanasimulia kwamba alikuwa mgonjwa mtiifu na mbishi kwa wakati mmoja, kwamba aliwasomea wagonjwa wenzake barua zao waliposhindwa kushika karatasi, na kwamba daktari alipotaka kuwaeleza wauguzi hali yake mlangoni, alimwita kitandani: "Daktari, njoo uanzie huku." Alifariki Alhamisi tarehe 12 Novemba 1936, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Magazeti huandika habari za kifo mapema, mtu angali hai, ili zisiwakute hawajajiandaa. Mapema mwezi huu Bwana Kroll alimwomba Verna aandike wasifu huu. Aliandika, akaurudia, akauficha kwenye droo. Kisha akaona kwamba anataka kulifanya lile lile kwa mara ya pili. Jumanne tarehe 10 Novemba, saa nne asubuhi, alipiga simu Monrovia. Muuguzi alikisukuma kitanda hadi ukumbini penye simu.

"Dada, ni Verna. Nina habari yako, inataka kuchapwa."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Soma."

Verna akasoma. Marehemu alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza, bila kuguna. Alisahihisha tarehe ya safu, ambayo Verna aliiandika tano badala ya nne. Alisema ile supu ya Pascoe ilizidi chumvi miaka kumi na mmoja, na mzee aambiwe. Kisha Verna akafika kwenye picha. Alikuwa ameandika kwamba baadhi ya mambo ya siri yalimfikia mwandishi kupitia watu wa karibu.

"Watu wa karibu ndio nani?"

Verna akaishika kalamu.

"Mimi sikuchapa habari isiyo na jina, na kaburini kwangu haitasomwa. Rudia."

Verna akarudia, na jina lake ndani, na ukurasa wa sabini na nne, na meza ya dirishani. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu kila mara alisimama, na kila mara dada yake alimngoja amalize. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari uliosema, "Hatimaye marehemu aliwasamehe wote waliomkosea."

"Futa."

"Dada, tafadhali."

"Umepiga kunisomea, au umepiga kunifundisha? Sikusema hivyo. Futa."

Verna akafuta. Kalamu ilisikika mpaka upande wa pili. "Basi niandike nini?"

Marehemu alikohoa kwanza, na muuguzi alitaka kuichukua simu, akakatazwa.

"Andika kwamba ulipiga."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Verna aliyasikia kutoka kwa dada yake. Hakuongeza neno la mapenzi wala la kuaga. Siku mbili baadaye alifariki.

Waliotajwa humu wote wamepigiwa simu Ijumaa iliyopita kuanzia saa nne asubuhi, kila mmoja akasomewa mahali pake. Mzee Pascoe alilia, akakiri juu ya chumvi. Bwana Kroll alisema ndivyo ilivyokuwa. Bwana Lowell Pruett, aliyekuwa mumewe, ambaye amesimama pale nyuma na kofia mkononi, alisikiliza mpaka mwisho akasema hana la kusahihisha.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, kaka zake wawili wachanga, na mwanawe Halvor, ambaye kuanzia leo hatakuwa peke yake. Ameacha ndugu mmoja, Verna Brandvold, ambaye alimkosea, na ambaye alipiga.

Lala salama, dada. Imechapwa kama ulivyosomewa.